Bastola Kongwe ya Rivolva: Hukumu ya Kuinunua, Kuilengea Shabaha na Kuiweka Nyumbani

Bismillahir Rahmanir Rahim

SWALI:

Sheikh, mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba. Nafanya biashara ya nguo Muleba, mkoa wa Kagera, na nimeoa Buganguzi. Kuna mzee jirani ya wakwe zangu ana bastola ya zamani iliyotoka nje, ya risasi sita, ambayo lazima uikoki kwa kidole gumba kila unapotaka kupiga. Anasema ni ya tangu wakati wa Mjerumani, na kwa ukongwe wake haihitaji karatasi yoyote. Siku ya Idi tulikwenda nyuma ya migomba tukapiga makopo, risasi nne. Nimependa kuinunua niipeleke nyumbani Wete iwe kumbukumbu, na wanangu wajifunze shabaha kwa sababu ni Sunna. Nimeshatoa nusu ya fedha. Mke wangu amekataa kata kata, anasema siku bastola itakapoingia ndani yeye atarudi kwao. Je, ununuzi huu unafaa? Na mke ana haki ya kunikatalia jambo la halali?

JIBU:

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake wote.

Amma ba'ad. Ndugu yangu, umeeleza mambo yako kwa ukweli, hata yale ya nyuma ya migomba, Allah akulipe kheri. Nitaanza na sehemu utakayoipenda kuisikia.

Silaha kwa asili yake ni mali halali. Inanunuliwa, inarithiwa, inawekwa rehani. Mtume (s.a.w.) alipofariki, deraya yake ya chuma ilikuwa rehani kwa Myahudi mmoja wa Madina kwa ajili ya shayiri ya kulisha aila yake. Kulenga shabaha nako kumesifiwa. Katika Sahih Muslim, Uqba bin Amir (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alifasiri ile nguvu tuliyoamrishwa kuiandaa kuwa ni kutupa mishale, na amepokea pia karipio kwa aliyejifunza kisha akaacha. Na Bukhari amepokea kutoka kwa Salama bin al-Akwa' (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kulenga, akawahimiza. Kwa hivyo anayesema kuwa kupiga shabaha ni uhuni, amekosea.

Lakini watu wengi wakishafika hapo hufunga kitabu. Mtume huyo huyo (s.a.w.) ameamrisha anayepita msikitini au sokoni na mishale ashike ncha zake kwa kiganja, asije akamgusa Muislamu. Amekataza kupeana upanga uliotoka alani. Amekataza mtu kumuelekezea ndugu yake silaha, na sababu aliyoitaja ni kwamba hajui, huenda shetani akaivuta mkononi mwake. Hata kufyatua kijiwe kwa vidole amekikataza, kama alivyopokea Abdullah bin Mughaffal (r.a.), kwa kuwa hakiui mnyama wala hakimshindi adui, bali huvunja jino na kutoboa jicho. Zingatia kuwa silaha ya siku hizo ulikuwa mshale, nao ukiutia podoni hauruki wenyewe. Hicho ulichokishika Buganguzi kinaweza kuruka chenyewe, na hapa sina budi nieleze kinavyofanya kazi, kwa sababu fatwa juu ya kitu usichokijua ni kubahatisha.

Rivolva ina silinda inayozunguka, yenye vyumba vya risasi, mara nyingi sita. Katika zile za kizamani kama uliyoieleza, triga ina kazi moja tu, kuiachia nyundo. Nyundo lazima uivute wewe kwa kidole gumba, na unapoivuta ndipo silinda inapozunguka na chumba kingine kukaa mbele ya mtutu. Mmarekani Samuel Colt alipata hataza ya Marekani ya aina hii mwaka 1836, na iliyopata umaarufu kuliko zote ni ile ya kampuni yake ya mwaka 1873. Wajerumani nao walikuwa na yao ya kijeshi ya mwaka 1879 na nyingine ya 1883, za risasi sita na za kukoki kwa kidole vile vile, mpaka mwaka 1908 jeshi lao lilipochukua bastola ya Luger. Wajerumani walijenga kituo chao Bukoba mwaka 1890, na Waingereza wakauvamia mji ule Juni 1915. Kwa hiyo maneno ya mzee si muhali. Lakini viwanda vya Italia, kama Uberti na Pietta, vimetengeneza nakala za bastola za Kimarekani za karne ile kwa miaka mingi, na nakala iliyochakaa machoni mwa asiye fundi ni "ya Mjerumani" tu. Umri wa kitu hicho hukuthibitisha, umeambiwa.

Sasa hatari yenyewe. Katika ile ya Colt ya mwaka 1873 na nakala nyingi za mtindo wake, nyundo ikilala chini, ncha yake inagusa moja kwa moja kitako cha risasi iliyo mbele ya mtutu. Kikiwemo kibati pale, ukaiangusha sakafuni au kitu kikaigonga nyundo, hulia bila ya mtu kugusa triga. Ndiyo sababu wajuzi wake wa zamani walitia risasi tano, wakaacha chumba kimoja kitupu chini ya nyundo. Januari 1876, huko Wichita Marekani, askari mashuhuri Wyatt Earp alikuwa amekaa kitini, bastola ikachopoka kiunoni, nyundo ikagonga, risasi ikapita kwenye koti lake na kuishia darini. Huyo alikuwa mtu wa kazi. Kampuni ya Ruger ya Marekani haikuweka kizuizi cha ndani kwenye rivolva zake za kukoki mpaka mwaka 1973, na zile za kabla ya hapo inawabadilishia wenyewe bure. Yako haina kampuni ya kukubadilishia.

Jengine ni baruti. Bastola za karne ya kumi na tisa zilitengenezwa kwa baruti nyeusi, ambayo msukumo wake ni mpole. Kampuni ya Colt yenyewe haikuzidhamini bastola zake kwa baruti mpya isiyo moshi mpaka mwaka 1900. Ukitia risasi ya kisasa katika chuma cha kabla ya hapo, silinda inaweza kupasuka, na vipande vyake vikaja kwenye mkono na uso wa mpigaji na wa aliyesimama ubavuni. Risasi za ile ya Kijerumani zilikuwa za kipimo chake, milimita 10.6, hazipatikani kwenye duka lolote la Muleba. Basi nakuuliza: hizo nne mlizopiga siku ya Idi zilitoka wapi, na nani alipima kuwa ndizo? Mmesalimika kwa rehema ya Allah, na shukrani ya salama ile ni kutorudia.

Na nyuma ya migomba. Nimefika Buganguzi mara moja, miaka ya nyuma, kwa mwaliko wa walima. Sisi wa visiwani tumezoea shamba la mkarafuu, unaona mbali kati ya shina na shina. Kibanja cha Mhaya si hivyo. Nyumba imo ndani ya migomba, na mibuni chini yake, na njia za watoto na wachota maji zinapita humo humo. Nilikaa barazani kwa mwenyeji wangu tukisikia watu wanazungumza jirani tu, wala hatuwaoni. Mgomba ni maji matupu, hauzuii risasi. Risasi ya bastola kubwa ya aina hii ina uzito wa kama gramu 16 na inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja ikiwa haikukuta kitu. Wanafunzi wenzangu tuliosoma Minhaj ya Imam Nawawi watakumbuka mlango wa jinai: mfano unaotajwa wa kuua kwa makosa ni mtu aliyelenga mti, ikampata binaadamu. Huyo hana kisasi, lakini ana dia inayobebwa na jamaa zake wa upande wa baba, na mwenyewe ana kafara iliyotajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 92, ambayo kwa zama hizi ni kufunga miezi miwili mfululizo. Hayo kwa kopo la maziwa!

Kama katika ule mchezo mliwekeana kitu, mwenye kukosa anunue soda za wote, hiyo ni kamari. Zawadi katika shabaha inafaa ikitolewa na mtu wa nje ya ushindani, au na mmoja wao peke yake. Kila mmoja akiwa hatarini kulipa, haifai.

Nije kwenye neno la mzee kuwa kwa ukongwe haihitaji karatasi. Neno hili ndilo lililonifanya nijibu swali lako hadharani badala ya faragha, kwa sababu nimelisikia si kwako tu. Kinachofyatua risasi ni silaha, kiwe cha mwaka jana au cha babu wa babu, na chako kimefyatua nne mbele ya mashahidi. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Anayetaka kumiliki anaombea kuanzia kwenye kamati ya ulinzi na usalama ya kwao, inapanda wilayani na mkoani, na Jeshi la Polisi ndilo linalosajili. Kuinunua kwa mtu asiyekuwa nayo kihalali, kisha kuivusha kwa boti mpaka Pemba, ni makosa juu ya makosa, na Jeshi la Polisi ni moja, bara na visiwani. Usije ukadhani ukifika Wete umefika nchi nyengine.

Watauliza baadhi ya vijana: sheria ya serikali ina uzito gani kwenye mali ambayo sharia imeihalalisha? Wanachuoni wamesema kiongozi akiwekea mipaka jambo la mubah kwa maslahi ya wazi ya watu, hulazimu kutiiwa, kwa dalili ya Suratun Nisaa, aya ya 59, na kwa kanuni ya kutodhuru na kutodhuriana. Na maslahi haya si ya kufikirika. Watu wa Kagera walivamiwa na majeshi ya Idi Amin mwishoni mwa 1978. Mwaka 1994 walipokea wakimbizi wengi mno wa Rwanda. Silaha hufuata vita na hubaki baada ya vita. Nchi za ukanda huu zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 kwa ajili ya kudhibiti silaha ndogo, na Umoja wa Afrika umeufanya Septemba wa kila mwaka kuwa mwezi wa kusalimisha silaha kwa hiari. Bastola isiyo na karatasi kwa mkoa kama huo haimwambii askari habari za Mjerumani. Inamwambia habari za ujambazi.

Wala sisi Wazanzibari tusijifanye wageni wa mas-ala haya. Mwaka 1840 Sayyid Said alipoipeleka meli yake Sultana mpaka New York chini ya Ahmad bin Na'aman, zawadi alizorudishiwa na serikali ya Marekani zilikuwa na silaha za Colt ndani yake. Hizo zilikuwa tunu za kasri. Baadaye ikawa biashara: mwaka 1888 balozi mdogo wa Kiingereza hapa Unguja alikadiria kuwa bunduki baina ya 80,000 na 100,000 zinapita pwani hii kwenda bara kila mwaka. Zilipanda na misafara ya pembe na watumwa, ndiyo maana mataifa yaliyokutana Brussels mwaka 1890 yakaweka mipaka ya kuingiza silaha Afrika. Bandari yetu ilipata ushuru, watu wa bara wakapata msiba. Bukhari katika Sahihi yake ameweka mlango mahsusi wa kuuza silaha wakati wa fitna, na Imran bin Husayn (r.a.) amepokewa kuwa alichukia uuzaji huo. Wazee wetu wa wakati ule waliusoma mlango huo kama tunavyousoma sisi.

Ununuzi wako sasa. Katika madhehebu yetu ya Shafi sharti moja la bei kusihi ni muuzaji awe na uwezo wa kukabidhi alichokiuza, na wanachuoni hawakukusudia uwezo wa mikono tu. Kuna kushindwa kwa kuonekana, kama ndege aliye angani, na kuna kushindwa kwa hukumu, kama mali iliyowekwa rehani, ambayo ipo mbele yako lakini haiwezi kukabidhiwa bila ya idhini. Naona bastola isiyosajiliwa iko katika fungu hili la pili. Mzee hawezi kukukabidhi kwa njia inayokubalika, nawe huwezi kuipokea. Basi bei haikusihi, na nusu uliyotoa ni amana yako kwake, airejeshe yote. Kama mlikubaliana kuwa ukighairi fedha inapotea, hiyo ni bei ya arbuni, na kwa Shafi haifai, ingawa Hanbali wameiruhusu. Zungumza naye kwa adabu, ni mtu mzima na ni jirani wa wakwe zako. Huenda fedha ameshaitumia kwa karo au dawa. Mpe muda. Ukiisamehe ni sadaka, lakini usiichukue bastola badala yake.

Na ikiwa mzee anasema ameirithi kwa baba yake, mweleze kuwa mali hurithiwa, leseni hairithiwi. Ruhusa ilikuwa ya mtu, na mtu amefariki.

Mas-ala mawili madogo kwa faida ya wasomaji. Bastola kongwe nyengine zina mpini wa pembe ya ndovu. Kwa Shafi pembe hiyo ni najsi, ukiishika na mkono una majimaji utauosha, na ukisali nayo mwilini sala haisihi. Hanafi wao wameiona tohara. Kwa vyovyote, biashara ya pembe ni jinai ya peke yake. La pili, mnyama wa porini aliyepigwa risasi: wengi katika wanachuoni wa zama hizi wamemhalalisha, ikiwa risasi imechoma na kupenya na mpigaji alipiga bismillahi, kwa kipimo cha hadithi ya Adiyy bin Hatim (r.a.) kuhusu kilichotoboa na kilichopiga kwa ubavu. Akikutwa bado hai uhai wa kutulia, achinjwe. Ama kumfunga kuku au mbuzi akawa ndiye shabaha, hilo Mtume (s.a.w.) amelikataza, na amemlaani mwenye kulifanya.

Watoto wako. Unataka wapate Sunna ya shabaha, na nia hiyo ni njema. Wanunulie upinde na mishale butu, uwapeleke kwenye uwanja wazi wewe ukisimama nao. Na usiwape manati, tumeshaitaja hadithi ya kijiwe! Ama bastola ndani ya nyumba, mtoto wa miaka sita mara nyingi ana nguvu ya kuivuta triga ya silaha nyingi, na nyundo ya rivolva akiishika kwa mikono miwili huiweza, na ikishakokiwa triga yake inakuwa nyepesi mno. "Nitaificha juu ya kabati" wamesema wengi. Kila mmoja wetu anakumbuka alivyokuwa anajua vilipo vitu vya baba yake vyote.

Na hapa nafika kwa mke wako, ambaye umeniulizia kama ana haki. Mke anamtii mumewe katika wema. Kulala na wanawe chini ya dari moja na silaha isiyosajiliwa, inayoweza kulia ikianguka, hakumo katika wema aliolazimishwa. Mtume (s.a.w.) amekataza Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake, na tukio lenyewe lilikuwa la mzaha wa kamba tu, sahaba mmoja alishtuliwa usingizini. Huyu unamtisha kwa chuma kila usiku. Kisha yeye ni mtu wa Buganguzi, anakijua kibanja kile, anajua nani hupita nyuma ya ile migomba kuliko ujuavyo wewe. Hakukukatalia la halali, amekuzuia na la haramu kabla hujaliingia, na si uasi wa mke huo wala hapunguziwi chochote katika haki zake. Kauli yake ya kurudi kwao usiitie moyoni, ni kauli ya hofu.

Unalotakiwa kulifanya ni hili. Usiiguse tena bastola ile wala usiibebe hata kwa nia ya kuisalimisha mwenyewe, maana ukikamatwa nayo njiani hakuna atakayeiona nia yako. Mwende wewe na mzee, pamoja na imamu wa msikiti wa hapo au mwenyekiti wa kitongoji, mikono mitupu, mpaka kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya pale Muleba, mueleze kuwa ipo na iko wapi, nao watakwambieni namna ya kuifikisha. Mzee asiachwe kwenda peke yake, huenda akaogopa akaitupa mtoni, ikaokotwa na mwengine. Ikithibiti kuwa kweli ni ya wakati wa Mjerumani, waombeni polisi mzungumzie habari ya kuitoa risasi milele na kuipeleka makumbusho. Risasi zilizobaki, ikiwa zimebaki, hukumu yake ni moja na bastola.

Na lile kopo lenye matundu uliloliweka kwa kumbukumbu, kama liko nyumbani, hilo halina ubaya.

Wallahu a'lam.